Mkanda wa Injini Unalia: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Garajini, Goma

Garaji yetu iko Majengo. Wanaotuletea magari ni madereva wa Hiace za abiria, wenye Noah na RAV4, watu wa Land Cruiser za kazi, na mara mojamoja mgeni aliyevuka Grande Barrière, mpaka wa Rwanda, na gari lake la kulala ndani. Magari ni tofauti, lakini neno la kwanza ni lilelile: "Fundi, kuna kitu kinalia huku mbele." Haya ndiyo maswali yanayofuata, pamoja na majibu tunayoyatoa.

## Mambo ya kwanza

Mkanda mnaousema ni upi hasa?

Ni ule wa nje, unaouona ukifungua boneti, ambao mafundi wengi wa hapa huuita kurua. Unachukua nguvu kwenye puli ya krenki (shafti kuu ya injini), iliyo chini kabisa, na kuzungusha altaneta inayochaji betri, pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya AC. Magari ya zamani yana mikanda ya V, miwili au mitatu, kila mmoja na kazi yake. Magari mapya zaidi yana mkanda mmoja bapa wenye mifereji ya urefu, unaozunguka puli zote kama nyoka na kukazwa na tensheni, yaani mkono wa springi unaousukuma mkanda.

Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo dereva anaukalia mlio wenyewe na kudhani umetoka kwenye giaboksi. Inua kiti kwanza, usikilize.

Mkanda wa timingi, ule wa ndani unaooanisha valvu na pistoni, ni kitu kingine kabisa. Tumeuzungumzia kwenye swali la mwisho.

Kwa nini msinibadilishie mkanda tu, mambo yaishe?

Kwa sababu mkanda ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Mara nyingi tunazoletewa gari linalolia, mkanda wenyewe hauna kosa: unasema habari za puli iliyopinda, beringi iliyokauka, tensheni iliyochoka au mafuta yanayovuja juu yake. Ukiweka mkanda mpya juu ya kosa hilo, utanyamaza siku tatu, wiki moja, kisha utaanza tena, na umeshatoa pesa.

Tulipokea Hiace ya njia ya Sake, mji wa jirani, iliyobadilishiwa mkanda mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kwenye garaji nyingine. Kila mkanda ulitoka umeliwa upande mmoja. Tuliuvua, tukapitisha ukucha ndani ya mfereji wa puli ya krenki, na ukucha ukakwama. Kulikuwa na punje ya jiwe la volkano, ndogo kama harage, imejibana chini kabisa ya mfereji na kung'aa kwa kusuguliwa. Tuliing'oa kwa bisibisi. Mkanda wa nne tuliomwekea dereva yule hakurudi nao tena.

Ni hatari kuendelea kuendesha gari linalolia?

Inategemea linalia vipi. Likipiga kelele sekunde chache asubuhi kisha likanyamaza, unaweza kwenda kazini na kupita kwa fundi jioni. Lakini likiunguruma muda wote kama jiwe la kusagia, usilipeleke hata Sake. Beringi inayounguruma inaweza kukwama, na puli ikikwama mkanda unaungua au unakatika.

Mkanda ukikatika unapoteza vitu vingi kwa pamoja: chaji, usukani mwepesi, na kwenye injini nyingi pampu ya maji pia. Kuna jambo ambalo wenye dizeli za zamani za Toyota, kama zile za injini 2L na 3L, wanapaswa kulijua: pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Altaneta isipozunguka, baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa ngumu kama ukuta. Fikiria hilo kwenye mteremko.

Hapa kwetu tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu na pampu ya maji. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kifuniko kizuri cha rejeta kinaongeza presha na kurudisha nafasi hiyo, lakini kifuniko kikiwa kimechoka na mkanda unateleza, injini inachemka mapema kuliko unavyotarajia.

## Kusikiliza

Nitajuaje mlio ni wa nini?

Zipo sauti tatu, na ukizitofautisha umemaliza nusu ya kazi.

Ya kwanza ni kelele ndefu na kali, *kwiiiii*, inayopanda unapokanyaga mafuta au unapokata usukani mpaka mwisho. Huo ni mkanda unaoteleza: umelegea, umechakaa, una mafuta, au unazungusha kitu kizito kuliko nguvu yake.

Ya pili ni fupi na inajirudia, *chwi-chwi-chwi*, kama ndege. Inafuata mwendo wa injini, na mara nyingi unaisikia vizuri injini ikiwa inazunguka taratibu. Hapo puli mbili hazikai kwenye mstari mmoja, au mkanda umeingia vibaya kwenye mifereji.

Ya tatu haitoki kwenye mpira hata kidogo. Ni mngurumo au mkwaruzo, *ngrrr*, wakati mwingine na kelele ya chuma kikavu. Hiyo ni beringi: ya altaneta, ya pampu ya maji, ya kompresa, au ya puli tupu inayopitisha mkanda tu, ambayo mafundi wa hapa huiita gale. Hakuna mkanda duniani utakaotibu sauti ya tatu.

Jaribio la maji linafanywaje?

Chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa msumari. Injini ikiwa inawaka taratibu, rushia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, ule wenye mifereji, ukiwa umesimama mbali na feni. Kisha sikiliza.

Mlio ukiongezeka, mkanda unateleza: angalia ukazaji, tensheni, na kama kuna puli nzito. Mlio ukikatika kwa muda halafu ukarudi maji yanapokauka, puli hazijanyooka. Usipobadilika kabisa, rudi kwenye beringi.

Tumia maji matupu. Sabuni inaharibu jaribio, na tutaeleza baadaye kwa nini hatuitaki kwenye mkanda hata siku moja.

Kwa nini linalia asubuhi tu, au baada ya mvua?

Asubuhi betri imetoka kutoa umeme mwingi wa kuwashia injini, hivyo altaneta inavuta kwa nguvu ili kuurudisha, na wakati huohuo mpira wa mkanda bado ni baridi na mgumu. Unyevu wa usiku nao unalainisha uso wa puli. Mkanda wenye afya unavumilia yote hayo. Uliolegea kidogo unalia, kisha unanyamaza betri ikishajaa na mpira ukipata moto. Kwa hiyo kilio cha asubuhi ni onyo la mapema, na ndiyo dakika ya bei rahisi kuliko zote kushughulikia.

Kuhusu mvua, chungulia chini ya gari. Magari mengi yanayofika hapa yamepoteza ile plastiki ya kukinga injini upande wa chini, iliyong'olewa na mawe ya barabarani. Bila hiyo, kila dimbwi linaruka mpaka kwenye puli, na maji ya Goma yamebeba mchanga mweusi wa lava unaokwaruza kama msasa. Kurudisha kinga hiyo, hata iliyokatwa kwenye bati, kumenyamazisha magari mengi kuliko watu wanavyodhani.

Linalia nikiwasha taa kubwa na AC kwa pamoja.

Zima kimoja kimoja. Likinyamaza ulipozima AC, angalia kompresa: zungusha uso wake wa mbele kwa mkono, injini imezimwa, usikie kama ni mgumu. Likinyamaza ulipozima taa, mzigo uko kwa altaneta. Pima umeme kwenye betri: injini ikiwaka unatakiwa kuona kati ya volti 13.8 na 14.5 kwa gari la volti 12. Ukiona 12.5 na mkanda unalia, altaneta haizunguki inavyotakiwa, au yenyewe ina kosa.

## Kutafuta puli yenye kosa

Kwa nini fundi anaweka bisibisi sikioni?

Chuma kinabeba sauti kuliko hewa. Ncha ya bisibisi ndefu inagusishwa kwenye bodi ya altaneta, kisha kwenye bodi ya pampu, kisha kwenye boliti la katikati la gale, na mpini unawekwa sikioni. Penye beringi nzima unasikia mvumo laini. Penye beringi mbovu unasikia kama mtu anatafuna changarawe. Fimbo kavu ya mti inafaa pia.

Usiguse puli inayozunguka, gusa sehemu iliyosimama tu. Na kabla ya kuinama: vua shali, funga nywele, kunja kitenge, ondoa mkufu. Kama gari lina feni ya umeme, kumbuka inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa. Chomoa waya wake kwanza.

Naweza kuwasha injini bila mkanda nione kama sauti itaondoka?

Ndiyo, na ni jaribio bora kuliko yote, lakini kwa nusu dakika tu, injini ikiwa baridi na gari limesimama. Pampu ya maji haizunguki, kwa hiyo usisahau ukaanza mazungumzo. Sauti ikiondoka, kosa liko kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda ule. Ikibaki, soma swali la mwisho.

Baada ya kuzima, mkanda ukiwa bado nje, zungusha kila puli kwa mkono. Funga macho kama inakusaidia. Puli nzuri inazunguka kimya, na kidole hakisikii chembe. Kisha ishike juu na chini uitikise: ikicheza, beringi imekwisha. Gale inayozunguka kwa wepesi sana, mizunguko mingi kwa msukumo mmoja, imekauka grisi hata kama haijaanza kunguruma.

Kwenye pampu ya maji, angalia pia kitobo kidogo chini ya shafti. Alama ya maji yaliyokauka hapo maana yake sili imeachia, na beringi haitakawia kufuata.

Puli ya krenki inaweza kulia?

Inaweza, na mafundi wengi wanaipita. Puli nyingi za krenki zina vipande viwili, kitovu na duara la nje, na kati yao mpira unaomeza mitetemo. Mpira huo ukizeeka, duara la nje linateleza au linakaa upande, na mkanda unaanza kuimba *chwi-chwi* bila kukoma.

Chora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye kitovu, kupita juu ya mpira, mpaka duara la nje. Endesha siku moja. Mstari ukikatika vipande viwili visivyokutana, puli imeachia. Usiichomelee, kwa sababu mpira utaungua na mitetemo itahamia kwenye krenki yenyewe. Badilisha.

## Kutengeneza

Mkanda ukazwe kiasi gani?

Mkanda bapa wenye tensheni ya springi haukazwi kwa mkono. Tazama mkono wa tensheni injini ikiwaka: ukirukaruka, springi au kizuizi chake kimechoka, badilisha tensheni nzima.

Mkanda wa V bonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kilo 10 hivi, katikati ya sehemu ndefu kati ya puli mbili. Kwa mingi, ukishuka milimita 10 mpaka 15 inatosha. Kitabu cha gari lako kikitoa namba nyingine, fuata kitabu. Tafadhali usikaze mpaka mkanda ulie kama uzi wa gitaa. Kilio kitaisha leo, na mwezi ujao utarudi na beringi ya altaneta au pampu ya maji iliyokufa, kwa sababu mzigo wote uliubebesha upande mmoja wa shafti.

Mkanda mpya unalegea kidogo unapojikalisha. Toyota yenyewe inauhesabu mkanda kuwa uliotumika ukishazunguka kwenye injini dakika 5. Kwa hiyo washa, acha uzunguke, zima, pima tena. Rudia baada ya siku chache.

Sabuni, mshumaa, au dawa ya kupuliza, vinasaidia?

Vinanyamazisha. Sabuni na nta vinalainisha mpira, kisha unateleza zaidi bila kelele, na sasa huna hata onyo. Dawa za kunata zinafanya kazi siku mbili, halafu zinashika vumbi jeusi la barabara zetu na kugeuka kuwa unga wa kusagia. Oili na dizeli ni mbaya kuliko vyote: mpira unavimba na kuwa laini. Mkanda uliolowa mafuta hauoshwi ukarudishwa. Ziba panapovuja, safisha puli zote kwa brashi na kitambaa kikavu, kisha weka mpya.

Mkanda ni mpya na bado unalia. Nimeuziwa feki?

Huenda, ila chunguza kwanza mambo haya mawili. Je, mifereji yote imeingia mahali pake? Mkanda bapa uliowekwa mfereji mmoja pembeni unazunguka vizuri kwa macho, huku ukingo wake unakatwa uzi baada ya uzi. Nililifanya kosa hilo nikiwa bado najifunza kazi, na mteja alirudi siku ya pili na mkanda umebaki nyuzi. Tangu siku hiyo napitisha kidole kwenye kila puli kabla ya kuwasha.

Pili, je, puli zimenyooka? Weka rula ya chuma kwenye uso wa puli mbili: inatakiwa iguse sehemu nne, kingo mbili kwa kila puli. Ikiacha mwanga mahali, kuna boliti iliyolegea, ringi ya boliti (washa) iliyosahauliwa, au altaneta isiyo ya gari hilo. Hili la mwisho tunalikuta sana kwa altaneta za okazyo, yaani zilizokwisha kutumika.

Namba za mkanda zinasomwaje?

6PK1870 ni mifereji 6, aina ya PK, urefu wa milimita 1,870. Mkanda wa V unaweza kuandikwa AV13x1000: upana wa juu milimita 13, urefu milimita 1,000. Nenda dukani na mkanda wa zamani mkononi, lakini soma namba, usipime kwa kulinganisha tu, maana ule wa zamani umevutika. Kama namba imefutika, pima njia ya mkanda kwa kamba kwenye puli zenyewe, tensheni ikiwa katikati ya nafasi yake.

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ina mikanda miwili pacha. Ibadilishe yote kwa pamoja, jozi moja. Ukiweka mpya kando ya wa zamani, mpya utabeba mzigo wote peke yake.

Mkanda wangu hauna nyufa. Bado ni mzima?

Si lazima. Mikanda ya zamani ilipasuka ikizeeka, ukaona kwa macho. Mpira unaotumika sasa, EPDM, unachakaa kama tairi: unapungua kimo bila kupasuka, mpaka chini ya mfereji wa mkanda unagusa ncha za puli na kuanza kuteleza. Linganisha na mpya. Ukiona mifereji imepanuka na ncha zake zimekuwa kali, umekwisha.

Ninunue altaneta nzima au beringi tu?

Kama inachaji vizuri, beringi tu. Namba iko ubavuni, kwa mfano 6203 au 6303. Zote mbili zina tundu la milimita 17, lakini ya kwanza ina upana wa nje wa milimita 40 na ya pili 47, kwa hiyo kumwambia muuzaji "ya milimita 17" hakutoshi. Baada ya namba tafuta herufi: ZZ ina vifuniko vya bati, 2RS ina sili za mpira pande zote mbili. Kwa vumbi la Goma, chukua 2RS kwenye gale za mkanda. Ndani ya altaneta rudisha aina iliyotoka, kwa sababu pale kuna joto.

## Yasiyo ya kawaida

Nina gari la kulala ndani. Linalia kila asubuhi nikiondoka mahali nilipolala.

Usiku ulitumia friji, taa na pampu ya maji ya jikoni kutoka betri ya pili. Ukiwasha injini, altaneta inajaza betri mbili kwa mpigo, na mkanda unabeba mzigo mkubwa kuliko wa gari la kawaida. Kwanza hakikisha mkanda na tensheni ni vizima, kama tulivyoeleza juu. Kisha, kama mlio unaisha baada ya dakika 20 hivi, tenganisha betri ya pili asubuhi moja uwashe tena. Ukinyamaza, umepata jibu: mzigo. Kifaa kinachopunguza kasi ya kuchaji betri ya pili kitausaidia mkanda na altaneta pia.

Ushauri huu unawafaa vilevile wenye Noah waliofunga inverta na spika kubwa.

Nikizima injini nasikia mlio wa kugongana kwenye altaneta.

Dizeli nyingi za kisasa zina puli ya altaneta inayoshika upande mmoja na kuachia upande mwingine, kama gurudumu la nyuma la baiskeli. Ikishindwa, inagonga wakati wa kuzima na kuufanya mkono wa tensheni urukeruke. Shika feni ya altaneta, zungusha puli: upande mmoja lazima ishike, upande mwingine izunguke huru. Ikishika pande zote au ikiachia pande zote, imekufa. Inahitaji spana yake maalumu, na usikubali ibadilishwe na puli ngumu ya kawaida kwa kuwa tu ni rahisi.

Mkanda umekatika kati ya Sake na Minova. Nifanyeje?

Taa nyekundu ya betri ikiwaka ghafla na usukani ukawa mzito, toka barabarani na uzime injini mara moja. Usisubiri mshale wa joto. Usifungue rejeta ikiwa ya moto. Toa vipande vyote vya mkanda, maana uzi ukijisokota nyuma ya puli ya krenki unaweza kuharibu sili. Kama mkanda uliokatika ulikuwa wa AC au usukani peke yake, unaweza kuendelea polepole. Kama ulizungusha pampu ya maji, gari livutwe. Dereva wa safari ndefu abebe mkanda mmoja wa akiba na spana za kuuvaa, na ajifunze kuuvaa akiwa mjini, mchana.

Nimevua mkanda na sauti bado ipo.

Basi iko ndani. Inaweza kuwa beringi au tensheni ya mkanda wa timingi, na kwenye injini kadhaa hata pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo, nyuma ya kifuniko. Kwenye injini za timingi ya cheni, mkwaruzo wa sekunde za kwanza unaweza kuwa cheni iliyolegea. Usiendelee kuendesha ukisikiliza: mkanda wa timingi ukiachia kwenye dizeli, pistoni zinakutana na valvu. Na kama taa ya T-BELT, yaani ya mkanda wa timingi, imewaka kwenye dashibodi yako, usikubali mtu aizime kabla kifuniko hakijafunguliwa na mkanda kuonekana kwa macho.